Mzee Nasri Aliyerefuka kwenye Simu

Kanyenye, Tabora
Jumatatu, 25 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mama. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka unaitumia, au umeshamgawia jirani? Na mvua je, huko Bukene zimeanza kweli au ni mawingu ya kuwadanganya wakulima tu? Hapa imenyesha mara tatu, vumbi la Kanyenye limetulia na watu wameanza kuulizana mbegu. Mimi ni mzima kabisa, nakula, nalala, na misa sikosi. Matobolwa ya viazi vikavu uliyompa Wilbroad aniletee yalifika, isipokuwa yale aliyoyatafuna njiani, maana mfuko ulikuwa umeshafunguliwa na mwanao alifika anaomba maji kila dakika.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia karatasi wakati simu ipo. Mama, wewe simu unaiweka spika. Ukishaiweka spika anasikia Wilbroad, anasikia mke wake, na mama Festo wa ng'ambo ya reli anakuja kuuliza nimesema nini. Barua hii vaa miwani uisome mwenyewe kwanza, halafu ndipo uamue nani apewe.

Wiki iliyopita Wilbroad alinipigia akasema sifa zangu zimefika huko. Eti watu wa treni wamezileta: binti yako amemtania Mzaramo mmoja wa Tabora mpaka ukoo wake wote hauna mbavu, tena amemtania kwa kompyuta. Akasema umeisimulia jumuiya nzima na umesema nimerithi ulimi wa marehemu baba. Nilifurahi mama, nikacheka, halafu usiku huo sikula. Ndiyo maana nakuelezea yote, kuanzia mwanzo.

Unamjua Dada Sneha, mwenye duka la steshenari ninalofanyia kazi. Unajua pia kwamba kwa miaka saba kazi yangu imekuwa mashine ya fotokopi na picha za paspoti. Ila hujui vizuri kwamba miaka miwili hii amekuwa akinifundisha kutengeneza tovuti, yaani zile kurasa ambazo mtu akiwa popote anazifungua kwenye simu na kusoma. Mama, nimeipenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya kwa mikono yangu! Mwezi wa tisa Dada Sneha akaniambia atanipa mteja mmoja, nimtengenezee mwenyewe bila kushikwa mkono. Kazi ikipokelewa vizuri, ataniwekea meza yangu pale dirishani, na kibao cha jina langu juu yake. Ikikataliwa, atamleta kijana wa Dar anayeijua kazi, na mimi nitarudi kwenye fotokopi. Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyo, anasema kitu kilivyo.

Mteja mwenyewe ndiye Mzee Nasri wa Cheyo. Huyu ni Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa huku na kazi ya reli akiwa kijana, akawa gadi wa treni mpaka akastaafu, na Tabora hakuondoka tena. Alimwoa Bibi Zuwena, Mnyamwezi mwenzetu, mzaliwa wa Kwihara. Bibi Zuwena alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo mzee alikuwa hatoki, akitoka ni msikitini na kurudi. Mwezi ujao anatimiza miaka themanini. Watoto wake wametawanyika, wengine Dar, wengine nje ya nchi, na mkubwa wao, Dada Sikuzani, ni muuguzi Mwanza. Ndiye aliyekuja dukani na bahasha ya picha za zamani, akataka ukurasa wa maisha ya baba yao ili kila mtu aufungue alipo kabla ya siku yenyewe.

Nilifanya kazi, mama! Picha arobaini na mbili nilizipiga skana moja moja, nikazifuta vumbi, nikaandika chini ya kila moja maneno aliyonipa Dada Sikuzani. Juu kabisa nikamweka mzee akiwa na sare ya gadi na bendera yake mkononi, amesimama kando ya behewa. Chini kabisa nikamweka Bibi Zuwena peke yake, amevaa khanga, anacheka. Kwenye kompyuta kubwa ya duka ilipendeza mpaka nikapiga makofi peke yangu. Dada Sneha alikuwa amekwenda Dar kwa kaka yake kwenye sikukuu ya Diwali, kwa hiyo Ijumaa ile ya tarehe mosi niliurusha ukurasa mtandaoni mwenyewe na kumtumia Dada Sikuzani anwani yake, naye akaitupa kwenye kundi la wasapu la familia.

Sasa usiombe. Ile familia ilifungua kwa pamoja. Mzee Nasri unapaswa kujua alivyo: mfupi, mnene, shingo hana, kichwa kimekaa moja kwa moja juu ya mabega. Kwenye simu za watu akatokea mwembamba, mrefu kama mlingoti wa bendera, na shingo ambayo hata twiga angeiomba. Mwanawe aliye Dar akapiga picha kioo cha simu akaituma. Dada Sikuzani yeye alikuwa ameunganisha simu na televisheni ya sebuleni, akaona kinyume: baba yake amepanuka, amejaa pande zote, kofia ya gadi kama sinia. Naye akapiga picha akaituma. Wakaanza kubishana nani ana baba wa kweli. Mjukuu aliye Kanada akasema yeye wa kwake ana nafuu, ila miguu ndiyo haieleweki.

Nusu saa haikupita, simu ya duka ikalia. Alikuwa Mzee Nasri mwenyewe. Akauliza ni Mnyamwezi gani huyo aliyemkondesha. Akasema yeye amekaa Unyamwezini miaka hamsini na tano akiitafuta shingo hajaipata, leo amepewa ndefu kiasi kwamba akisimama Cheyo anachungulia Urambo. Mama, unajua mwenyewe utani wetu na Wazaramo, tangu babu zetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo kwenda pwani. Mdomo wangu ukajibu kabla sijauambia. Nikamwambia hatujamkondesha, tumempunguza tu mafuta ya nazi, na asubiri kwanza, mzigo wenyewe bado hatujambebesha. Mzee alicheka mpaka akaanza kukohoa, nikasikia mtu anamletea maji.

Kesho yake Dada Sikuzani akapiga, sauti imebadilika. Alikuwa amekasirika, akataka picha zirekebishwe mara moja au wachukue kazi wampe mtu mwingine. Lakini kumbe baba yake amemwahi. Alikuwa ameshawaambia watoto wote kwamba mtani wake wa Kanyenye amempiga bao, na kwamba mtu asiguse ule ukurasa mpaka yeye atakapopata jibu la kumrudishia. Dada Sikuzani akaniambia hajamsikia baba yake akicheka hivyo tangu msiba wa mama yao, basi kama ni utani auache uendelee, ila kabla wageni hawajafika tarehe kumi na nne picha ziwe sawa. Nikamwambia bila shaka, dada.

Kutoka hapo mama, yule mzee akaamka! Jumatano akaja dukani kwa miguu, na fimbo yake, kutoka Cheyo. Alisema ameleta shingo irudishwe kwa mwenyewe. Jumatatu iliyofuata akaja tena, akaniuliza kama ni kweli Mnyamwezi akipewa kiti hukibeba kichwani badala ya kukikalia. Watu wa maduka ya jirani wakawa wanasogea wakimwona anakuja. Mimi nami sikumwacha, nilimwambia sisi tulitembea mpaka pwani na kurudi, wao walishindwa hata kuupanda mnazi wakasubiri nazi idondoke. Dada Sneha alirudi kutoka Dar akakuta duka limejaa watu na kicheko, na wateja wawili wanaulizia kurasa zao. Jumatano ya wiki iliyopita akaniwekea meza dirishani. Kibao kikaja Alhamisi: Gaudensia, Tovuti na Kurasa. Nilikigusa herufi moja moja mpaka Dada Sneha akaniambia nitakifuta rangi.

Sasa mama, kabla sijaendelea, hebu nikueleze jambo ambalo nililigundua katikati ya hayo yote, maana nalipenda mpaka naliota. Ukurasa wa tovuti si kama karatasi. Karatasi ina ukubwa wake, imekwisha. Ukurasa haujui utafunguliwa wapi, kwenye simu ya kiganjani au kwenye televisheni ya ukutani, kwa hiyo unajibana na kujinyoosha kufuata kioo. Maandishi hayana shida, yakikosa nafasi yanashuka mstari wa chini. Picha ndiyo yenye kazi. Ukiuambia upana wake ufuate kioo, halafu kimo chake ukakikaza kwa namba isiyobadilika, basi kwenye simu pande zinabanwa, kimo palepale, na mtu anakonda na kurefuka. Kwenye televisheni pande zinavutwa, kimo palepale, na mtu anapanuka. Ni kama ugali tu. Ukipunguza maji punguza na unga kwa kadiri ileile, la sivyo hupati ugali mdogo, unapata kitu kingine kabisa.

Na dawa yake ni ndogo mno, ndiyo iliyonifanya niruke! Unaipa picha upana peke yake, kwa asilimia ya nafasi iliyopo, na kimo unakiacha kijitafute chenyewe kufuata ule upana. Basi. Ikibanwa inapungua yote, ikinyooshwa inakua yote, na sura ya mtu inabaki sura yake. Unaongeza sharti moja kwamba isikue kupita ukubwa wake wa asili, kwa sababu picha ndogo ya zamani ikikuzwa mno inaingia ukungu. Na zile zinazokaa sambamba, moja ya mlalo na moja ya wima, unazigawia asilimia kwa maumbo yao, ya mlalo ipate zaidi, na vimo vyao vinatoka sawasawa kama maharusi na wasimamizi waliopangwa vizuri. Nilikuwa peke yangu dukani nilipoipata, mama. Nilicheza, mashine ya fotokopi ndiyo shahidi.

Lakini ulipofika hapo bila shaka umeshaanza kuniangalia kwa lile jicho lako. Kama dawa niliipata baadaye, ugonjwa niliuleta vipi? Mama, haikuwa utani. Nilikosea. Sikumtania mtu, sikupanga chochote, nilikuwa sijui. Dada Sneha alinifundisha upana uwe wa asilimia, nikaufanya hivyo, lakini kwenye kimo mkono wangu ukaandika namba wenyewe. Miaka saba nimekata paspoti, na paspoti bila vipimo viwili kamili inarudishwa ofisini. Kwangu mimi picha isiyopimwa kimo ilikuwa picha ambayo haijaisha. Na simu sikuijaribu hata moja, niliangalia kompyuta ya duka nikajipigia makofi. Mzee alipopiga na kunitania, nikaona mlango umefunguliwa nikaingia. Wiki tatu nimesifiwa kwa kitu kisicho changu, na meza nimeikalia, na wewe huko Bukene unamtaja marehemu baba. Hilo la baba ndilo lililonishinda kabisa. Nisamehe, mama.

Baada ya kuzungumza na Wilbroad siku ile sikuweza kukaa kwenye ile meza. Jumamosi, duka lilipofungwa, nikamweleza Dada Sneha yote. Hakupiga kelele, laiti angepiga. Aliniambia kukosea picha si kitu, yeye mwenyewe aliwahi kumgeuza bwana harusi kichwa chini kwenye kadi mia mbili, lakini uongo nimemwambia mtu usoni, na wa kunisamehe ni mtu huyo, si yeye. Niende kwa Mzee Nasri nimwambie mwenyewe. Mzee akisema anaichukua kazi yake, basi Dada Sneha atampigia yule kijana wa Dar, na meza itakuwa yake. Aliniruhusu niondoke na kompyuta ndogo ya duka, na kibao akakilaza kifudifudi.

Jana baada ya misa ya pili nikaenda Cheyo. Nilikula chakula cha mchana kwanza, nikashindwa kukimaliza, nikazunguka barabara mara mbili, hata nikafika kwake ni saa kumi kasoro. Mzee alikuwa barazani, akaniona na ile kompyuta begani, akaita ndani waje waone Mnyamwezi ameshapata mzigo. Niliishusha begani nikaikumbatia. Akanivutia kigoda nikakaa, nikamwambia. Nilimwambia hakukuwa na utani, kulikuwa na mtu asiyejua kazi akaona aibu kusema. Nilimwambia dawa ninayo siku nyingi na niliificha kwa sababu kuionyesha kungenifichua. Nikamwambia na habari ya meza, asije akadhani nimekwenda kwa uchamungu mtupu. Nililia, mama, sikutaka lakini nililia.

Mzee Nasri aliigeuzageuza fimbo. Halafu akaniambia amejua tangu jioni ile ya kwanza. Akasema alipofungua na kujiona alicheka kweli, akanipigia, tukajibizana, akakata simu akiwa na raha zake. Kisha akaushusha ukurasa mpaka chini, akamkuta Zuwena. Naye amevutwa, sura imekuwa kama ya mtu aliyeugua mwaka mzima. Kicheko kikamwisha. Akaniuliza ni lini nimemwona Mnyamwezi anamharibu bibi wa kwao ili amchekeshe Mzaramo. Mtani hamgusi mtu wa upande wake. Palepale akajua mtoto wa watu amekosea na sasa anajikaza kisabuni.

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, na kwa nini aliwakataza watoto wasirekebishe. Alisema tangu Zuwena aondoke, kila anayeingia nyumbani kwake anaingia na sauti ya pole. Watoto wakipiga simu wanamuuliza dawa. Miaka hamsini alikuwa akiamka na Mnyamwezi wa kumtukana nazi zake, akaja akabaki na watu wenye heshima tupu. Nilipomjibu kwenye simu ile, alisikia nyumba yake. Akaona picha ikirekebishwa nami nitakuwa sina tena sababu ya kumjibu. Kwa hiyo akaacha iwe hivyo, na kwa wiki tatu alikuwa anaufungua ukurasa juu tu. Chini hakushuka hata siku moja.

Mara mzee akachukua simu akampigia Dada Sneha mbele yangu. Akamwambia meza asimnyang'anye mtani wake, ila amtafutie simu tano za kila ukubwa na asimruhusu kurusha kitu mpaka ameziangalia zote. Dada Sneha akacheka, nilimsikia, akasema kibao kitasimama asubuhi. Halafu mzee akanigeukia akasema utani wa kweli nitaufanya baadaye kama ninauweza, sasa nimrudishie watu wake, na nianze na Zuwena.

Nikafungua kompyuta juu ya magoti yangu. Zilikuwa sehemu chache tu za kufuta, zile namba za kimo nilizoziandika kwa mkono wa paspoti. Nikazitoa, nikaandika ile dawa yangu, nikaurusha ukurasa upya, nikamwambia aufungue. Safari hii hakukaa juu. Alishusha kwa kidole, polepole, akaipita sare yake ya gadi, akawapita watoto wakiwa wadogo, akafika chini. Bibi Zuwena alikuwa amekaa vizuri kwenye kile kioo kidogo, mashavu yake mazima, pengo lake la mbele, khanga begani. Mzee aliisogeza simu, akaifuta kwa kanzu, akaisogeza tena. Akasema kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeamkia nyumbani kwake: Mwangaluka.

Hiyo ni salamu ya asubuhi, mama, na wakati huo saa kumi ya jioni ilikuwa imeshapita. Utani ulikuwa umeshanifika mdomoni. Sikuusema.

Leo nimerudi mezani kwangu, na simu tano zimepangwa mbele yangu, mbili nimeazima kwa jirani. Mzee Nasri ameagiza uje tarehe kumi na nne Desemba. Anasema Bibi Zuwena alikuwa na ndugu upande wa Nzega, kwa hiyo mwanamke wa Bukene hawezi kukosa siku hiyo, na uje na maneno, kwa sababu yeye ameshaandaa ya kwake. Nitakupokea stesheni mwenyewe. Msalimie sana Wilbroad na wifi, wabusu watoto, msalimie mama Festo, na Padre ukimwona mwambie nipo. Goti ulitunze, tutatembea mpaka Cheyo kwa miguu.

Nakupenda na ninakuombea kila siku.

Mwanao,
Gaudensia